Barua za Rabi Weinberg: nani aliruhusu zifunguliwe?

Mwaka 1997 jarida la Torah u-Madda, la Yeshiva University ya New York, lilichapisha barua ambazo Rabi Jehiel Jacob Weinberg alimwandikia rafiki yake, Profesa Samuel Atlas. Mwandishi wa barua hizo alikuwa amefariki miaka 31 kabla. Aliyezitoa hadharani, mwanahistoria Marc Shapiro, alishukuriwa na wengi, lakini kuna Wayahudi Waothodoksi, wanaoshika sheria za dini yao kwa ukamilifu, walioona amemvunjia marehemu heshima. Mimi niko upande wa waliochapisha, ingawa hoja za wapinzani ni nzito kuliko zinavyochukuliwa.

Weinberg alizaliwa 1884 na kulelewa katika yeshiva (vyuo vya dini) za Lithuania, mahali ambapo Talmudi, mkusanyiko mkuu wa sheria na mafundisho ya Kiyahudi, ilisomwa usiku na mchana na vyuo vikuu vilitazamwa kwa shaka. Baadaye alihamia Ujerumani, akasoma Chuo Kikuu cha Giessen, na katika miaka ya 1930 akawa mkuu wa chuo cha marabi cha Hildesheimer mjini Berlin. Chuo kilipofungwa baada ya ghasia dhidi ya Wayahudi za Novemba 1938 alikwenda Warsaw, na vita vikamkuta huko, akaingia na wenzake katika geto, mtaa waliofungiwa Wayahudi. Aliponea kwenye jambo dogo la karatasi: Wajerumani walimhesabu kuwa raia wa Urusi, wakamfunga katika ngome ya Wülzburg, Bavaria, pamoja na Warusi, wakati Wayahudi wa Warsaw wakipelekwa kwenye kambi ya mauaji ya Treblinka. Sehemu kubwa ya maandishi yake ilipotea Warsaw. Baada ya vita, mwanafunzi wake wa zamani alimkaribisha Montreux, Uswisi, akaishi huko hadi kifo chake Januari 1966. Hata maziko yake Jerusalem yalizua mvutano juu ya makaburi gani yamfae, kana kwamba kila upande ulitaka awe wake.

Akiwa Montreux alijibu maswali ya halakha, yaani sheria ya Kiyahudi, yaliyomfikia kutoka nchi nyingi, kama mufti anavyotoa fatwa. Majibu hayo ndiyo Seridei Esh, kitabu cha juzuu kadhaa. Ya nne ilitoka 1969, yeye hayupo. Shapiro naye alikusanya makala zake katika juzuu mbili, 1998 na 2003. Hayo ni maandishi ya msomi kwa wasomaji wake. Barua ni jambo jingine.

Atlas alifundisha Hebrew Union College, chuo cha Wayahudi wa Mageuzi, kundi ambalo Waothodoksi hawalitambui kabisa katika mambo ya dini. Kwa mtu huyo Weinberg alifungua moyo. Alilalamikia upweke wake na ukali wa wenzake. Katika barua ya 1965 aligusa jeraha kubwa zaidi: sheria za kale zinazombagua asiye Myahudi. Menachem Meiri, mwanachuoni wa Perpignan katika karne ya 13, alikwisha kusema kwamba sheria hizo ziliwahusu waabudu sanamu wa zamani, haziwahusu mataifa yenye dini na sheria. Weinberg aliona kwamba haitoshi kumtaja Meiri mbele ya wageni huku walimu wakiwanong'oneza wanafunzi kuwa maneno hayo yaliandikwa kwa kuogopa wakaguzi wa serikali. Alitaka litangazwe wazi na rasmi. Anayesema hivi ni mzee aliyeona majirani Wakristo wa Ulaya wakigeuka au wakinyamaza. Angeweza kufunga mlango, na hakuna ambaye angemlaumu.

Wapinzani wana hoja ya kwanza inayojulikana sana: Rabenu Gershom wa Mainz, miaka elfu moja iliyopita, anahesabiwa kuwa ndiye aliyepiga marufuku kusoma barua ya mtu bila idhini yake. Wanaweza pia kumtaja Rabi Kalonymus Kalman Shapira, aliyeuawa 1943. Yeye alikabidhi hotuba zake za geto la Warsaw ili zifichwe ardhini, akaacha barua akiagiza zichapishwe. Zilifukuliwa 1950, zikatoka kitabuni 1960. Huyo alitoa idhini kwa mkono wake, na Weinberg hakutoa.

Lakini hoja inayonikera zaidi, kwa maana ya kunikosesha usingizi, inatoka katika maisha ya Weinberg mwenyewe. Mwaka 1933 utawala wa Hitler uliagiza kila mnyama apoteze fahamu kabla ya kuchinjwa, na nyama ya kosher, ya mnyama aliyechinjwa kwa sheria ya Kiyahudi akiwa na fahamu, ikawa tatizo kubwa Ujerumani. Weinberg aliandika utafiti mrefu akitafuta njia ya ruhusa. Hakuutangaza. Aliupeleka kwa marabi wakubwa, akiwemo Chaim Ozer Grodzinski wa Vilna, na walipokataa, alinyamaza. Alijua kutenganisha anachokiona yeye na anachokitia saini kama hukumu. Kuchapisha barua ni kuvunja ukuta alioujenga mwenyewe. Mhariri wa jarida, Jacob J. Schacter, alilijibu suala la ukweli wa historia katika toleo lililofuata, kwa kirefu na kwa uungwana, lakini ukuta huu hauondolewi na historia peke yake.

Kwangu kinachoamua ni kwamba barua hazifichui Weinberg tofauti na yule wa hukumu zake. Katika Seridei Esh, akiwa hai, aliruhusu bat mitzvah, sherehe ya msichana kufikia umri wa kuwajibika kidini, na miongoni mwa hoja zake ni kwamba kumnyima msichana kile apewacho mvulana ni kumjeruhi utu wake. Mtu huyohuyo ndiye wa barua ya 1965, safari hii akimfikiria asiye Myahudi. Waliotaka abaki rabi wa Lithuania tu, asiye na doa la Berlin, walipaswa kuzifunika na hukumu zake pia.

Wanaokosea upande wa pili ni wale wanaochukua sentensi moja ya barua na kuiweka juu ya hukumu, wakisema hapa ndipo alipoamini kweli, kule alikuwa akiogopa watu. Mtu aliyefanya alichofanya mwaka 1933 hakuwa mwoga. Alikuwa na mashaka, akatii, na mashaka yakabaki. Barua kwa Atlas zina thamani kwa kuonyesha hukumu zile zilimgharimu nini. Rabi wa leo anayetaka kulitangaza neno la Meiri kama sheria inabidi alitie saini yake mwenyewe, kwa sababu saini ya Weinberg iko chini ya barua kwa rafiki.