Bi Harusi Aliyekosa Damu

Jamani ngoja niwahadithie nilivyotumia miezi minne kuandika maelezo ya ua ambalo halipo. Si kwamba lilikufa wala kuibiwa, ua lenyewe lipo hapa kwenye chungu chake linanitazama, ila lile nililoliandika mimi, kurasa tatu na nusu, halijawahi kuchanua popote chini ya jua. Na hapo kwenye "chini ya jua" ndipo kesi yote ilipo, mtaona.

Mimi ni mgonjwa wa maua ya krisanthemamu, sina dawa. Wengine wanafuga njiwa, mimi nafuga hizi, na baada ya kuzitunza miaka kadhaa nikapandwa na kichwa, nikasema kwa nini nipande za watu, natengeneza yangu. Sasa kuzalisha krisanthemamu mpya si mchezo, maana kile unachokiona kama ua moja kumbe ni kijiji kizima, maua madogo madogo yamebanana kwenye kichwa kimoja. Yale ya pembeni yenye petali ndefu ni majike matupu, ya katikati yana dume na jike pamoja, na ua haliwezi kujitungisha lenyewe, linaikataa chavua yake, linataka ya mgeni. Kwa hiyo unachukua mkasi unakata petali zote karibu na shina lake mpaka stigma, yaani zile ncha za jike zinazopokea chavua, zitokeze, unasubiri zigawanyike ncha kama herufi Y, unapaka chavua ya baba kwa brashi, unafunika na kimfuko nyuki wasije wakakuletea mtoto wa nje. Waifu alinikuta siku hiyo nimeinama na mkasi akauliza, "Sasa unayanyoa?" Nikamwambia ndiyo, nayanyoa.

Mama nilichagua mweupe pee, baba pinki iliyokolea. Hesabu yangu ilikuwa rahisi, pinki na nyeupe nipate pinki laini. Krisanthemamu hazijui hiyo hesabu. Hizi za bustani nyingi zina kromosomu 54, yaani seti sita, wakati wewe na mimi tuna seti mbili tu na bado ndugu wa tumbo moja hawafanani, kwa hiyo kila mbegu ni bahati nasibu yake peke yake. Nilipata mbegu 61, zikaota 23, na nikazipa namba kwa lebo nyeupe za plastiki. Zikumbukeni hizo lebo.

Halafu ikaja habari ya mwanga, na hapa ndipo nilipojichimbia shimo. Krisanthemamu inasubiri usiku mrefu ndiyo iweke vitumba, usiku ukiingiliwa na mwanga inahesabu upya, inakwambia bado. Mwaka wa kwanza nilikuwa na taa ya nje inawaka usiku kucha karibu na dirisha, mimea ikapanda tu juu majani matupu, ua hata moja hakuna, nikawa nailaumu mbolea. Safari hii nikasema sitaki ujinga. Nikachukua chumba cha stoo, nikaziba dirisha kwa turubai jeusi, nikaweka taa za LED na taima. Na kwa kuwa mchana kutwa niko kazini, nikaupanga mchana wa mimea ufuate ratiba yangu, taa ziwake saa kumi na moja jioni zizime saa tisa usiku, saa kumi za mwanga na kumi na nne za giza, safi kabisa. Nikirudi nyumbani nakuta mimea yangu imeamka inanisubiri. Nilijiona genius, Mungu anisamehe.

Sasa zile taa zilikuwa za kukuzia mimea, mchanganyiko wa nyekundu na bluu, kwa sababu majani hula sana rangi hizo mbili. Ukifungua mlango ni kama umeingia disko. Siku za kwanza macho yalinisumbua, baada ya wiki mbili nikazoea, mwezi wa pili nilikuwa hata sioni kama kuna kitu. Binadamu huzoea haraka jamani, tena hata kule anakopotea.

Miche ikachanua mmoja mmoja. Mingi ilikuwa nyekundu nyekundu hivi za hovyo, zinafanana, nikazing'oa nikatupa bila huruma, ndivyo wazalishaji wanavyofanya, unabakiza mmoja. (Siku hizi nikikosa usingizi nalala nawaza nilitupa rangi gani.) Nikabakiza Namba 17. Aisee. Petali nyembamba kama mirija, nchani zimefunguka kama vijiko, na rangi yake pinki yenye zambarau kwa mbali, kama shavu la mtu aliyetaniwa mbele za wakwe. Nikasema huyu kamfuata baba yake. Jicho la katikati rangi ya chungwa iliyoiva. Na majani, sasa sikilizeni, majani kijani kilichokolea hadi kukaribia weusi. Nilikaa pale chini kwenye ndoo nikalitazama kama nusu saa, nikalipa na jina hapo hapo, Shavu la Bi Harusi.

Nikakata vipandikizi kumi na viwili kutoka kwake, maana aina mpya ili isajiliwe lazima ithibitishe mambo matatu, iwe tofauti na zote zinazojulikana, mimea yake ifanane, na isibadilike ukiizalisha tena. Vikachanua vyote kumi na viwili, vyote pinki ile ile, jicho lile lile, majani yale yale meusi. Usawa wa kutisha! Nikawa napiga makofi peke yangu stoo.

Ikabaki kuandika maelezo rasmi. Kuna mzee mmoja amekula chumvi nyingi kwenye mambo ya maua, nikamwazima ile chati ya rangi ya Royal Horticultural Society, chama cha bustani cha Uingereza, ile wanayoitumia wazalishaji dunia nzima, vipande vya rangi mamia na kila kimoja kina namba na herufi. Mzee akanipa kwa mikono miwili kama anakabidhi mtoto mchanga, akasema, "Mwanangu, isiloe, isipigwe jua, ikiharibika usinirudie." Nami stoo kwangu kuna unyevu, kila mara nanyunyiza maji. Kwa hiyo chati ikakaa sebuleni juu ya kabati, na mimi nikawa nafanya hivi: naingia stoo, nakodolea ua macho mpaka rangi iingie kichwani, halafu natoka mbio kupita korido kabla haijamwagika, kama mtu aliyebeba maji viganjani, nafika sebuleni nalinganisha. Waifu kakaa hapo anatazama tamthilia yake, mimi napita, narudi, napita. Kila kipande cha ile chati kina tundu katikati, kumbe tundu ni la kukiweka juu ya petali yenyewe uchungulie rangi mbili zikiwa pamoja. Mimi nilidhani ni la kutundikia ukutani.

Na kitu kingine cha ajabu, kila nikitoka stoo ukuta wa sebule nauona wa kijani kijani. Nikajua rangi inachakaa. Nikamwambia waifu ukuta umeota ukungu huu tupake upya, akauangalia ukuta, akaniangalia mimi, akarudi kwenye tamthilia. Nikanunua rangi ndoo mbili, zipo hadi leo hazijafunguliwa. Mwongozo wenyewe ulisema wazi kwamba rangi ipimwe katikati ya mchana kwenye chumba kisichopigwa na jua moja kwa moja, au ndani ya kabati maalumu lenye mwanga wa kuigiza mchana, nikasoma hiyo sentensi nikairuka, nikasema macho yangu mbona mazima.

Basi nikaandika. Upande wa ndani wa petali, 68C, kundi la nyekundu-zambarau. Urefu wa mmea, upana wa jani, mipasuko ya jani, idadi ya petali, urefu wa mrija, yote nilipima kwa rula na hayo nasema hadi leo yako sahihi kabisa. Nikampigia mzee nikamsomea kwenye simu, maana yake ni kitochi, picha haiingii. Akasikiliza kimya. Nilipofika kwenye majani akanikatisha, "Majani meusi?" Nikasema karibu na weusi mzee. "Krisanthemamu?" Ndiyo mzee. Kukawa kimya muda mrefu mpaka nikadhani salio limekwisha, halafu akasema, "Jumamosi nakuja."

Jumamosi nikajiandaa kama mtu anayetoa mahari. Saa sita mchana mimea ingekuwa bado usingizini gizani, ila nikasema bi harusi ataamshwa leo, wageni wamefika. Nikachukua chungu kule kule gizani, nikakifunika kanga ya waifu, nikakileta uani. Mzee kakaa kivulini kwenye kiti, shikamoo, marahaba, waifu kasimama mlangoni amekunja mikono. Nikatoa hotuba fupi. Nasema fupi lakini nilieleza kuanzia mkasi. Nikamaliza nikavuta kanga.

Jeupe.

Jeupe pee kama mama yake, jicho la manjano kama la krisanthemamu yoyote ile, majani ya kijani kama majani. Mimi wazo la kwanza nikajua nimebeba chungu sicho, nikaangalia lebo, 17. Wazo la pili, nisameheni, nikamgeukia waifu nikamuuliza nani ameingia stoo. Sitaandika alichojibu. Nikawaambia ngojeni, nikakibeba chungu mbio hadi stoo, nikawasha taa, pinki! Nikashusha pumzi, nikakileta uani mbio, jeupe. Nikakirudisha, pinki. Nikakileta, jeupe. Safari ya nne waifu akanifuata hadi mlango wa stoo, akachungulia ndani, akachomoa lebo kwenye chungu kimoja, akainyanyua kwenye ile taa, lebo ya plastiki nyeupe niliyoinunua mwenyewe, inang'aa pinki ya 68C, akaniuliza kwa upole kabisa, "Baba watoto, na hii nayo ni aina mpya?"

Nilipotoka nje mzee alikuwa ameshavaa miwani, amelishika ua kwa vidole viwili analigeuza geuza. "Umeliita nani vile?" Shavu la Bi Harusi mzee. Akatikisa kichwa, akasema, "Mwanangu, bi harusi huyu hana damu kabisa. Mpeleke hospitali kwanza." Waifu akaingia ndani haraka, nikasikia amekaa chini jikoni anacheka hadi anakohoa.

Mzee hakucheka. Hiyo ndiyo iliniuma zaidi. Alinieleza taratibu kwamba jina nalo haliruhusiwi kudanganya kuhusu sifa za ua, kwa hiyo shavu libaki kwa bi harusi mwenye shavu, na kwamba zile petali za vijiko nilizipima vizuri sana, ila nyeupe za vijiko zipo nyingi, sasa itabidi nizipande ubavu kwa ubavu na zinazofanana nazo nioneshe tofauti iko wapi, na mchana, akarudia, mchana. Halafu akaomba chati yake. Akaikagua ukurasa kwa ukurasa hadi mwisho, akaikuta haijaloa wala haijapauka, akasema hapo angalau ulinisikiliza. Nikaona aibu kumwambia kwamba kusikiliza huko ndiko kulikoniponza.

Nikabadilisha taa, nikaweka nyeupe za kawaida. Ukweli mchungu kwenye stoo yangu ni kwamba "majani karibu na weusi" yalikuwa majani ya kawaida ambayo yanaumeza wekundu na bluu karibu yote, na kile kidogo yanachokirudisha zaidi ya rangi nyingine ni kijani, sasa kama taa haina kijani yatarudisha nini, ndiyo maana yalikuwa meusi. Nililijua hilo siku zote! Ndiyo sababu nilinunua zile taa! Kurasa tatu na nusu nikazikata, zikabaki moja na robo, na kwenye rangi nikaandika NN155, kundi la nyeupe, kwa mkono unaotetemeka.

Msimu uliofuata nikiwa napalilia nikaona kitawi kimoja cha Namba 17 kimetoa kichwa cha manjano. Mmea huo huo, matawi mengine yote meupe, hilo moja manjano kama kiini cha yai. Safari hii sikukimbia. Nilisimama. Nikazima taa, nikafungua mlango, nikakibeba chungu nikakitoa uani polepole, nikakitua kivulini, nikamwita waifu nikamuuliza hii rangi gani. "Manjano," akasema, akaniwekea kiganja kwenye paji la uso kupima joto. Nikaingia stoo nikaleta lebo nikailinganisha, lebo nyeupe, ua manjano. Ndipo nikampigia mzee.

Akafurahi kweli, sijawahi kumsikia vile. Akasema hiyo hutokea kwa hizi, weupe wa krisanthemamu mara nyingi si kukosa manjano, manjano inatengenezwa vizuri tu ndani ya petali ila kuna kimeng'enya kinaivunja vunja, sasa kikatokea kitawi ambacho hicho kimeng'enya kimegoma kazi, manjano ikabaki. Kata kipandikizi, akasema, ukipande peke yake, uone kama itashikilia. Nikamwambia sawa mzee, na jina je, niliache lile lile? Akafikiri kidogo.

"Bi harusi yule yule?"

"Yule yule mzee."

"Kwanza alikosa damu, sasa ana homa ya manjano," akasema. "Mwanangu, harusi ya huyo iahirishe."