Kitofali Hakizeeki, Programu Inazeeka

Kitofali cha kuchezea cha LEGO kilichotoka kiwandani Denmark mwaka 1958 bado kinashikana barabara na cha leo. Seti ya roboti ya Mindstorms Robot Inventor, iliyoingia sokoni mwaka 2020 ikiwa na vipande 949, ilisitishwa mwisho wa 2022, na kampuni ikaahidi kuitunza programu inayoiendesha hadi mwisho wa 2024 tu. Bei ilikuwa karibu dola 360, yaani zaidi ya shilingi 800,000 za Tanzania kabla hujagusa usafirishaji na ushuru. Kwangu mimi, mjadala wa kama vifaa hivi vya roboti vinafaa nyumbani unaanzia hapo.

Lakini tuvipe haki yavyo kwanza. Mpwa wangu wa miaka 10 amerithi kwa binamu yake seti ya Mindstorms EV3, toleo la 2013. Aliunda kigari chenye mota mbili na sensa ya rangi inayotazama chini, kifuate mstari wa tepu nyeusi ya mafundi umeme aliyoibandika kwenye vigae vyeupe sebuleni. Usiku kilikwenda vizuri. Asubuhi, jua lilipopenya dirishani, kikavuka mstari na kugonga kabati. Sensa hupima mwanga unaorudi kutoka sakafuni, na alikuwa amekiambia kwamba chochote chini ya 35 ni mstari. Tepu ile inang'aa, na juani sensa ikasoma 50. Alikaa karibu saa nzima akipima kivulini na juani, namba akiziandika nyuma ya daftari la hesabu. Hakuna aliyemtuma.

Wapo wanaosema watoto wetu wameunda magari ya waya na makopo miaka yote bila kununua kitu. Ni kweli, na ufundi ule si wa kubeza. Ila gia za vitofali huumana vilevile kila mara, kwa hiyo kigari kikipotea njia, mtoto huanza kutafuta kosa kwenye maagizo aliyoyaandika. Kwenye gari la kadibodi hujui kama ekseli imepinda, gundi imeachia, au programu ndiyo mbovu, na mtoto wa miaka tisa huchoka mapema.

Tatizo ni kwamba seti nyingi haziwafikishi watoto kwenye saa ile ya kupima. LEGO Boost ya 2017, seti nyingine ya roboti, iliweka maelekezo yake ndani ya kishikwambi: mtoto anafuata picha moja baada ya nyingine, paka wa vitofali anatikisa mkia, familia inapiga makofi. Kisha paka anapanda kabatini maana hakuna anayetaka kumbomoa. Jina lenyewe la Mindstorms lilitoka kwenye kitabu cha 1980 cha Seymour Papert, mwanahisabati mzaliwa wa Pretoria, aliyetaka mtoto ndiye aiamuru kompyuta, si kompyuta imwamuru mtoto. Ukimtazama mtoto anayebonyeza "endelea" mara mia nne, sijui ni nani anayemwamuru mwenzake.

Kuhusu programu kufa, dawa ipo kiasi. Wapenzi wa vitofali wametengeneza Pybricks, programu huria inayoziwezesha seti kadhaa, hata zilizoachwa na kampuni, kuendeshwa kwa lugha ya kompyuta iitwayo Python. Lakini lazima nyumbani awepo mtu wa kuiweka, na mzazi aliyenunua boksi kwa kuamini picha ya kifuniko huenda asijue hata kuitafuta.

Mwenye pesa za kuhesabu ningemwelekeza kwenye micro:bit, kibao kidogo cha kompyuta cha bei nafuu ambacho Uingereza iliwagawia wanafunzi karibu milioni moja mwaka 2016. Magurudumu na mota utajitafutia, na hapo makopo yanarudi kazini. Aliye na uwezo na anayetaka vitofali, anunue seti iliyokwishatumika, ahakikishe kwanza kwamba tofali lenye kompyuta linakubali programu huria, na azungushe kila mota kabla ya kulipa. Mtoto wa chini ya miaka saba vitofali vitupu vinamtosha.

Mpwa wangu ameshabandua ile tepu. Anadai rangi nyeusi isiyong'aa, na mama yake hajakubali vigae vipakwe.