Kabla ya kununua spika nyingine, nunueni prosesa

Kanisa likiitisha mchango wa mitambo, fedha huishia kwenye spika. Spika zinaonekana. Mtoaji anaweza kuzionyesha kwa kidole, mchungaji anaweza kuziombea, na waumini wakiingia Jumapili wanazikuta zimesimama pande mbili za madhabahu, nyeusi, ndefu kuliko mtu. Mimi ni fundi mitambo hapa Dar es Salaam, kazi zangu ni makanisa, kumbi za harusi na mara mojamoja misikiti. Maoni yangu, ambayo yamenikosanisha na kamati zaidi ya moja, ni kwamba spika ndiyo iwe ya mwisho kununuliwa. Ya kwanza iwe prosesa, kile kiboksi chembamba kinachokaa kati ya miksa na amplifaya, ambacho hakuna atakayekiona wala kukiombea.

Nianze na lalamiko lenyewe. Watu wa viti vya nyuma husema "hatusikii". Ukienda kukaa nao unagundua wanasikia sana, sauti imejaa mpaka inatikisa mabati. Wasichopata ni maneno. Nguvu ya sauti ya binadamu iko kwenye irabu, na sehemu kubwa ya nguvu hiyo iko chini ya hezi 1000 (hezi hupima masafa, yaani mitetemo ya sauti kwa sekunde: chache ni sauti nene, nyingi ni nyembamba). Lakini kinachomfanya msikilizaji atofautishe neno na neno ni konsonanti, nazo ni dhaifu, na nyingi zinategemea eneo la hezi 2000 hadi 4000. Ukipandisha sauti nzima katika ukumbi wa zege na bati, irabu ndizo zinazozidi kuvuma, na mkia wa irabu moja unaifunika konsonanti inayofuata. "Pata" na "kata" zinamfikia mama wa kiti cha nyuma zikiwa neno moja. Anapiga kelele: "Fundi, ongeza!" Fundi anaongeza, na hali inazidi kuharibika.

Halafu kuna hesabu ya wati, ambayo wauzaji wa Kariakoo hawana haraka ya kuieleza. Ukitoka kwenye amplifaya ya wati 1000 ukaenda ya wati 2000 umepata desibeli 3 tu (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), tofauti ndogo ambayo usipoambiwa unaweza kuipita hivihivi. Ili sikio likubali kwamba sauti imekuwa kubwa mara mbili unahitaji kama desibeli 10, yaani wati mara kumi. Sasa piga hesabu ya amplifaya, spika za kubeba nguvu hiyo na umeme wa kuziendesha, uone kama mchango wa kamati unafika.

Kama unadhani natetea kitu cha kitajiri, sikiliza zile honi za bati zinazofungwa juu ya minara ya misikiti. Ni za bei rahisi, mbovu kwa muziki, besi hazina kabisa. Lakini hotuba inayotoka humo unaielewa ukiwa mtaa wa pili. Simu za zamani za waya nazo zilipitisha hezi 300 hadi 3400 pekee, na watu walielewana na ndugu zao wa mikoani bila shida. Neno la binadamu halihitaji masafa mengi. Linahitaji masafa yake yafike yakiwa safi, kwa wakati wake, bila kufunikwa.

Hapo ndipo prosesa inapoingia. Kazi yake ni kugawa sauti, kukata isipotakiwa, kuichelewesha inapobidi na kuizuia isipite kiwango. Zipo za kujitegemea, kama dbx DriveRack na Behringer DCX2496, ambazo utazikuta kwenye raki nyingi za mjini zikiwa zimefungwa na hazijawahi kusetiwa. Na kabla hujatoa hata shilingi, kagua ulichonacho. Spika nyingi za siku hizi zenye amplifaya ndani zina prosesa humohumo, na miksa za kidijitali kama X32, iliyotoka mwaka 2012, zina ikwalaiza (ya kupandisha na kushusha masafa) na ucheleweshaji kwenye kila njia ya kutolea sauti. Kuna makanisa yanachangisha fedha za kitu ambacho tayari kiko mezani.

Kugawa ndiko kwepesi. Sabufa zichukue sauti nene, tuseme chini ya hezi 100, na spika kubwa zichukue kuanzia hapo kwenda juu. Mafundi wengi hutumia mkato wa Linkwitz na Riley, wahandisi wawili wa Hewlett-Packard ambao kazi yao juu ya jambo hili ilichapishwa mwaka 1976. Uzuri wake ni kwamba pale sabufa na spika zinapokutana, sauti haichomozi wala haizami, mradi zote mbili zinafika kwa pamoja. Ila hata mkato mzuri hausaidii kama maiki ya mchungaji inaingia kwenye sabufa. Kila akitamka "Petro" au "Paulo" ukumbi unapigwa ngumi. Mkatie maiki yake chini ya hezi 100 pale kwenye miksa, na sabufa zilishwe kwa njia ya peke yake: kinanda, gitaa la besi, ngoma, basi. Hili halitaki hata prosesa, linataka dakika tano.

Kuchelewesha ndiko ninakokupenda, na ndiko wengi wanakokuruka. Chukua ukumbi mrefu. Spika kubwa ziko mbele, na muumini mmoja mwenye moyo mwema ametoa spika mbili zikafungwa kwenye nguzo za nyuma. Aliyekaa nyuma yuko mita 28 kutoka spika za mbele na mita 4 kutoka ile ya nguzo. Umeme unafika kwenye spika zote kwa wakati mmoja, lakini sauti hewani inatembea taratibu: kwa joto letu la nyuzi 29 au 30 ni kama mita 349 kwa sekunde. Tofauti ya mita 24 ni karibu milisekunde 69. Kwa hiyo mtu huyu anasikia neno kutoka kwenye nguzo, kisha neno lilelile kutoka mbele, likiwa limechelewa kiasi cha kutosha kuangukia silabi inayofuata. Spika zilizoletwa kumsaidia ndizo zinazomharibia.

Mjerumani Helmut Haas alilichunguza jambo hili Göttingen mwaka 1949. Sauti mbili zinazofanana zikifuatana ndani ya takribani milisekunde 30, sikio huziunganisha kuwa moja na kuamini kwamba imetoka pale ilikotangulia kufika. Zikiachana sana kupita hapo, sikio linaanza kusikia mwangwi. Kwa hiyo unaiambia prosesa izicheleweshe spika za nyuma zile milisekunde 69, kisha unaongeza kama 10 hivi ili sauti ya mbele itangulie kidogo na sikio liendelee kuelekea madhabahuni.

Namna ninavyofanya ni ya kawaida tu. Napima umbali kwa futi kamba, naingiza namba, halafu nachomeka simu kwenye miksa ikiwa na programu ya metronomu. Tak, tak, tak. Natembea nyuma. Palipo na kosa utasikia "ta-tak, ta-tak", vidole viwili vikigonga meza. Unasogeza namba polepole, ile "ta" inaikaribia "tak" mpaka zinagandana, pigo moja kavu. Kuna kanisa moja nilipomaliza kazi hiyo, Jumapili mzee wa kanisa akanifuata hadi kwenye miksa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Fundi, mbona leo mmezima zile spika za nyuma?"

Nilimwomba asogee nguzoni aweke sikio. Akasimama pale kidogo, akatikisa kichwa, akarudi kukaa. Zilikuwa zinapiga kama siku zote, ila sasa sauti ilikuwa inamjia kutoka kwa mchungaji. Fundi hapati sifa kubwa kuliko hiyo, ingawa aliyetoa zile spika hakufurahi sana.

Kwenye ikwalaiza sina maneno mengi ila hili moja: kata, usipandishe. Ukiona ikwalaiza imekaa mfano wa tabasamu, besi juu, sauti nyembamba juu, katikati imezama, ujue DJ alipita hapo. Kwa muziki wa harusi si mbaya, watu wanacheza. Kwa mahubiri umezika mahali ambapo maneno yanaishi. Katika kumbi zetu za zege, eneo la hezi 250 hadi 400 huwa limejaa mno, sauti inakuwa kama ya mtu anayeongea ndani ya pipa. Punguza hapo desibeli chache tu na utashangaa watu wanavyoacha kuinamisha vichwa. Maiki ikilia, tafuta masafa yanayolia uyakate kwa mkato mwembamba. Ukifikisha mikato mitatu minne na bado inalia, acha prosesa, nenda kahamishe spika. Mchungaji anayeshuka na kuhubiri mbele ya spika hawezi kuokolewa na ikwalaiza. Wala kijana wa kusifu anayeshika maiki kwa kukumbatia kichwa chake chote cha wavu kama alivyoona kwenye video: akifanya hivyo maiki inaanza kuchukua sauti za kila upande.

Zile prosesa zinazojigamba kuua mlio zenyewe mimi siziamini. Zinafunika kombe. Kila zikisikia kitu kirefu kinachofanana na mlio zinakata, na noti ndefu ya mwimbaji wa kwaya inafanana na mlio.

Limita, ile sehemu ya prosesa inayozuia sauti isipite kiwango, ni bima ya spika, hasa kwa kumbi za harusi ambako mshereheshaji akishapata soda mbili anadhani maiki haifanyi kazi asipopiga kelele. Isetiwe na mtu anayejua amplifaya iko kwenye kiwango gani, na baada ya hapo vishikio vya amplifaya visiguswe, maana ukivizungusha limita yote haina maana tena.

Kuna jambo ambalo prosesa haiwezi, na anayekuambia inaweza anataka fedha yako. Haiondoi mwangwi wa jengo. Mwaka 1895 chuo cha Harvard kilikuwa na ukumbi mpya wa mihadhara, katika jumba la Fogg, ambao wasikilizaji walishindwa kumwelewa mhadhiri. Mwalimu kijana wa fizikia, Wallace Sabine, akapewa kazi ya kutafuta dawa. Alikuta sauti inabaki ukumbini kwa kama sekunde 5.5 baada ya kutolewa. Usiku alikuwa akibeba mito ya viti kutoka ukumbi wa Sanders, akiipanga humo na kupima upya. Kutokana na kazi hiyo akapata kanuni ambayo bado tunaitumia: mwangwi hutegemea ukubwa wa jengo na kiasi cha vitu vinavyomeza sauti ndani yake. Bado haijapatikana prosesa inayobadilisha hilo. Sisi tunajenga kuta tupu, marumaru sakafuni, vioo pembeni na bati bila dari, kisha tunamlaumu fundi. Mapazia mazito ukuta wa nyuma na dari yanafanya kazi ambayo wati hazifanyi. Watu wenyewe pia humeza sauti, ndiyo maana ukumbi uliosetiwa Jumamosi ukiwa mtupu unasikika tofauti Jumapili ukijaa. Fundi mwenye busara hubaki ibada ya kwanza akirekebisha. Na spika zielekezwe kwenye vichwa vya watu. Nimeona nyingi zinazohubiria mabati.

Najua hoja ya upande wa pili: prosesa inataka ujuzi, na kijana wa mitambo ni wa kujitolea, leo yuko, kesho kapata kazi Dodoma. Ni kweli, na hiyo ndiyo hoja inayonifanya niitake zaidi. Miksa yenye vishikio vingi inamtegemea kijana kila Jumapili. Prosesa inasetiwa mara moja na anayejua, inafungwa kwa namba ya siri, na kila mpangilio unapigwa picha na kuwekwa kwenye simu ya katibu. Kijana abaki na maiki na kinanda. Shida huja wanakwaya wakiigundua hiyo namba ya siri.

Kwa hiyo kama kamati yenu inakaa wiki hii, itisheni fundi kwanza, aje ukumbini mchana, akae kiti cha nyuma, mtu asome Zaburi yoyote madhabahuni kwa sauti ya kawaida. Mlipeni kwa siku hiyo, msiombe bure. Akianza kwa kuwaandikia orodha ya spika, mshukuruni na mtafuteni mwingine. Na huyo mwingine akija kufunga prosesa bila futi mkononi, mwulizeni spika za nyuma atazichelewesha kwa kiasi gani, na atakijuaje.