Mkutano wa Wataalamu wa Barafu Ufanyike Mwanza

Wataalamu wa nchi za Nordiki wanaochunguza barafu ya milimani hukutana kila mwaka katika mkutano wa kanda yao, ambamo wanafunzi huruhusiwa kuwasilisha kazi ambazo bado hazijakamilika mbele ya walimu waliobobea. Naamini kwamba Afrika Mashariki, ambayo ndiyo yenye milima mitatu pekee barani iliyobakiwa na barafu ya kudumu, yaani Kilimanjaro, Kenya na Ruwenzori, inastahili kuwa na mkutano wa namna hiyo kabla barafu yenyewe haijatoweka. Naamini pia kwamba mahali panapofaa zaidi kuuanzisha ni Mwanza.

Najua pingamizi la kwanza litakalotolewa. Kutoka hapa Mwanza mpaka Kibo, kilele cha juu kabisa cha Kilimanjaro, ni takriban kilomita 500 kwa mwendo wa ndege, na baridi kali tunayoijua sisi ni ile ya vyumba vya kuhifadhia sangara viwandani. Watu watauliza kwa nini mkutano usiende Moshi, ambako mshiriki anaweza kufungua dirisha asubuhi akauona mlima anaouzungumzia. Swali hilo ni la haki, na jibu lake linahitaji kuanza kwa kuondoa dhana moja ambayo nimeisikia mara nyingi hata kwa watu waliosoma, kwamba Ziwa Victoria linalishwa na theluji ya milimani.

Hakuna maji ya barafu ya Kibo yanayoingia katika ziwa hili. Maji ya Kilimanjaro huelekea Bahari ya Hindi, mengine kwa njia ya mto Pangani na mengine kupitia Tsavo, na sehemu kubwa kabisa ya maji hayo hutokana na mvua inayonyesha katika ukanda wa msitu wa mlima wala si barafu ya kileleni. Maji ya Ruwenzori huteremka kwa mto Semliki hadi Ziwa Albert, na kutoka hapo huingia katika Nile, baada ya Nile kuwa imekwisha kutoka kwetu kupitia Jinja, Uganda. Ziwa letu, lenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, hupata takriban asilimia 80 ya maji yake kutokana na mvua inayolinyeshea moja kwa moja, na karibu kiasi hichohicho hupotea kwa kugeuka mvuke. Kagera, Mara, Simiyu na mito mingine huchangia kilichobaki. Kwa hiyo kinacholiunganisha ziwa na barafu si mto, ni mvua, na hasa mvua za vuli, ambazo hutegemea sana tofauti ya joto kati ya upande wa magharibi na upande wa mashariki wa Bahari ya Hindi.

Bahari ya upande wetu inapopata joto kuliko kawaida huku ile ya upande wa Indonesia ikipoa, vuli huja na mvua nyingi kupita kiasi. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1961, na ziwa likapanda kwa zaidi ya mita mbili kufikia mwaka 1964. Ndivyo ilivyokuwa tena mwaka 2019, na mwezi Mei 2020 kipimo cha Jinja kikasoma mita 13.42, ambayo ilipita kidogo ile rekodi ya mwaka 1964. Wakazi wa ufukweni wanaukumbuka mwaka huo bila kuhitaji kipimo, kwa sababu maji yalivamia mialo, yakafunika mahali pa kuanikia dagaa na kuingia katika nyumba zilizojengwa karibu mno na ziwa. Vuli hiyohiyo inapofika kwenye kilele cha Kibo huanguka kama theluji. Theluji mpya ni nyeupe na hurudisha sehemu kubwa ya miale ya jua, na hivyo huikinga barafu ya zamani iliyo chini yake. Vuli ikikosekana, barafu hubaki wazi, ikiwa na vumbi juu yake, na jua la ikweta huila. Wingi au upungufu wa mvua ambao huku tunausoma kwenye usawa wa ziwa, wataalamu wa kule juu huusoma kwenye unene wa theluji.

Uhusiano huu umekwisha kutumika katika sayansi, na hapa ndipo ninapoona Mwanza ina haki yake kamili. Watafiti wa Austria, akiwamo Georg Kaser, walipojiuliza kwa nini barafu ya Kilimanjaro ilikuwa inapungua hata kabla ya ongezeko kubwa la joto la karne ya 20, walihitaji kujua hali ya mvua ya karne ya 19, wakati ambao hakukuwa na kituo chochote cha hali ya hewa mlimani. Sehemu ya ushahidi waliipata ziwani. Maandishi ya wasafiri wa wakati ule na kumbukumbu za watu wa mwambao zinaonyesha kwamba Ziwa Victoria lilikuwa juu sana katika miaka ya 1870, kisha likashuka kwa kasi karne ilipokuwa inakaribia kuisha. Maana yake ni kwamba ukanda wote ulikuwa umeingia katika kipindi kikavu zaidi, na barafu ya Kibo, iliyokuwa imejengeka wakati wa unyevu mwingi, haikupata tena theluji ya kuitosha. Hoja hii haipunguzi wajibu wa mataifa yanayochafua hewa, kwa kuwa joto la bahari lina sehemu yake katika kuamua mvua zetu zije wapi na lini. Inaonyesha tu kwamba kisa cha Kilimanjaro ni kipana kuliko joto la kileleni peke yake, ambako kwa kawaida hewa hubaki chini ya nyuzi sifuri na barafu nyingi hugeuka mvuke bila hata kuwa maji kwanza.

Upo pia mjadala ambao bado haujafungwa, nao ungefaa uwe na kikao chake mahususi. Mwaka 2000 Lonnie Thompson wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio na wenzake walichimba barafu ya Kibo kwa kekee mpaka kwenye mwamba, wakatoa nguzo sita za barafu, ndefu zaidi zikiwa za takriban mita 50, na kuzisafirisha hadi Marekani. Katika makala yao ya mwaka 2002 walisema kwamba barafu ya chini kabisa ina umri wa takriban miaka 11,700, na kwamba tabaka la vumbi lililomo linaashiria ukame mkubwa wa miaka 4,000 iliyopita. Wengine, Kaser akiwa mmojawapo, wametilia shaka umri huo, wakidai kwamba barafu ya kilele kile inaweza kuwa ilitoweka na kurudi zaidi ya mara moja. Hoja ya aina hii haiwezi kuamuliwa kwa kuitazama barafu peke yake. Tope la chini ya Ziwa Victoria nalo limechimbwa, na limeonyesha kwamba ziwa hili zima lilikauka kabla ya kujaa tena takriban miaka 15,000 iliyopita. Wanaosoma tope na wanaosoma barafu wanapaswa kuketi meza moja, tabaka kwa tabaka, na sioni meza iliyo bora kuliko ya mji uliojengwa kando ya tope hilo.

Kuhusu kupungua kwenyewe sitasema mengi, kwa kuwa tarakimu zinajieleza. Mwaka 1912 Kilimanjaro ilikuwa na takriban kilomita za mraba 12 za barafu. Kufikia mwaka 2011 zilibaki chini ya mbili. Ruwenzori, ambayo msafara wa Duki wa Abruzzi wa Italia uliipima mwaka 1906, ilikuwa imebakiwa na chini ya kilomita moja ya mraba mwanzoni mwa karne hii. Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilitahadharisha mwaka 2021 kwamba barafu yote ya Afrika inaweza kutoweka kufikia miaka ya 2040.

Sasa nije kwenye soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza, kwa sababu mkutano ninaoutaka usiishie kwenye ukumbi wa hoteli. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, mwezi usipokuwapo, na asubuhi huanikwa wakauke kwa jua la siku moja. Mama anayeanika humimina ndoo kwenye chanja au kwenye mchanga, huwatandaza kwa mkono wawe tabaka moja, kisha hukaa akilitazama wingu la upande wa ziwani. Mvua ikiwahi kabla hajawakusanya, dagaa hubadilika rangi, na wale ambao wangeuzwa kuwa kitoweo huishia kuuzwa kwa bei ya chakula cha kuku. Mama huyu anafuatilia mvua za vuli kwa makini yasiyopungua ya mtaalamu wa chuo kikuu, na hasara yake huonekana siku hiyohiyo. Mtu aliyetumia miaka mingi kuchunguza jinsi Bahari ya Hindi inavyoleta au kuzuia vuli ana la kumwambia, na ana la kujifunza kwake pia, hasa kuhusu siku ambazo utabiri na wingu havikukubaliana.

Ndiyo maana orodha ya waalikwa isianze na isimalizikie kwa maprofesa. Mamlaka ya Hali ya Hewa, wataalamu wa Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria na watafiti wa TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi ya Tanzania, wawepo. Waongozaji na wapagazi wa Kilimanjaro waje pia, kwani wapo waliopita chini ya kuta zilezile za barafu miaka nenda miaka rudi, na wanaweza kuonyesha kwa kidole katika picha mahali ambapo ukuta ulikuwa umesimama walipoanza kazi. Huo ni ushahidi, nao huzikwa pamoja na wenyewe usipoandikwa. Wanafunzi wa sayansi wa Mwanza, Bukoba na Musoma wapewe viti vya mbele, na mada zote ziwe na muhtasari wa Kiswahili uliotayarishwa kabla ya mkutano, si tafsiri ya haraka inayotolewa kwa kunong'onezana ukumbini.

Wapo watakaosema kwamba ni upotevu wa fedha kukutana kwa ajili ya kitu kinachokufa. Mimi naona kinyume chake. Kituo cha hali ya hewa ambacho Douglas Hardy wa Chuo Kikuu cha Massachusetts na wenzake walikiweka kileleni mwa Kibo mwaka 2000 kimetoa kumbukumbu ambazo hazitapatikana kwa njia nyingine yoyote, na kila msimu unaopita bila vipimo kama hivyo ni msimu ambao wajukuu wetu hawataweza kuurudia.

Umoja wa Mataifa umekwisha kuitenga tarehe 21 Machi kuwa Siku ya Barafu za Milimani Duniani, kuanzia mwaka 2025. Tarehe hiyo inatufaa, maana masika yanakuwa yameanza au yanakaribia, na ziwa halijafikia kilele chake cha mwaka. Siku ya kwanza itumike kwa barafu na ya pili kwa ziwa, na ya tatu wageni wapelekwe Mwaloni alfajiri, kabla jua halijawa kali, wakati dagaa wanaposhushwa. Sharti langu moja kwa watakaouandaa ni kwamba nakala ya vipimo vyote vitakavyowasilishwa, vya mlimani na vya ziwani, iachwe katika maktaba ya chuo mojawapo cha hapa Mwanza, mahali ambapo mwanafunzi wa Sengerema au Ukerewe anaweza kuifikia kwa nauli ya kivuko au daladala.