Mnara wa jirani na simu ya sikioni

Kwenye mkutano wa mtaa wetu, siku kampuni moja ya simu ilipokuja kutangaza kwamba itasimika mnara wa 5G juu ya ghorofa la jirani, mama mmoja mwenye genge alisimama na kuuliza: "Mtatupimia? Na majibu ya vipimo tutayaona wapi?" Mwakilishi wa kampuni akamjibu kwa upole kwamba teknolojia hiyo imethibitishwa kimataifa kuwa ni salama, mama asiwe na wasiwasi. Mama akakaa. Jibu lile kwa sehemu kubwa lilikuwa la kweli, ila halikuwa jibu la swali alilouliza.

Kwanza, yale ya kweli. Tatizo letu linaanzia kwenye neno "mionzi". Linabeba eksirei, bomu la Hiroshima na simu ya mfukoni kwa pamoja, kana kwamba ni kitu kimoja. Mionzi ya eksirei ina nguvu ya kung'oa elektroni kwenye atomu, na ndiyo maana inaweza kuharibu chembe za urithi. Mawimbi ya redio hayana nguvu hiyo, yawe ya 2G au 5G. Yakiwa makali sana, madhara yake yanayojulikana kwa uhakika ni kupasha mwili joto. Na sehemu kubwa ya 5G inapita chini ya gigahezi 6 (gigahezi ni kipimo cha kasi ya mtetemo wa mawimbi), jirani na masafa ya 4G na Wi-Fi tuliyoyazoea miaka yote. Masafa yake ya juu kabisa, yale ya zaidi ya gigahezi 24, huishia kwenye ngozi ya juu.

Kuhusu korona sina haja ya kukaa sana. Mwaka 2020 watu walichoma minara nchini Uingereza wakiamini kwamba ndiyo inayoleta ugonjwa. Mgonjwa wa kwanza wa korona Tanzania alitangazwa Machi 2020, wakati huduma ya 5G ilianza kuuzwa hapa Septemba 2022. Virusi vilitufikia bila kuusubiri mnara.

Hata hivyo, si kila mwenye hofu ni mzushi. Mwaka 2011 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani, IARC, uliyaweka mawimbi haya kwenye kundi la 2B, yaani vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani. Watetezi wa teknolojia hupenda kukumbusha kwamba dondoo la jani zima la aloe vera nalo limo kundi hilohilo. Ni kweli, lakini mimi naona kulisema hivyo ni kumfunga mtu mdomo badala ya kumweleza. Kundi hilo maana yake ni kwamba ushahidi uliopo ni hafifu ila si wa kutupwa, na mwaka 2019 kamati ya ushauri ya wakala huohuo ilipendekeza suala hili lipimwe upya kwa kipaumbele.

Halafu kuna wale panya wa Marekani. Mwaka 2018 mpango wa taifa wa utafiti wa sumu, NTP, ulitoa ripoti ya panya waliopigwa mawimbi ya 2G na 3G mwili mzima, takribani saa tisa kwa siku, kwa muda wa hadi miaka miwili. Madume yalionyesha ushahidi wa wazi wa uvimbe wa saratani kwenye moyo. Hapo ndipo wengi huishia kusoma. Wakiendelea watakuta kwamba majike hayakuonyesha ushahidi wa wazi kama huo, kwamba madume yaliyopigwa mawimbi yaliishi muda mrefu kuliko yale ambayo hayakupigwa, na kwamba kipimo cha juu kilikuwa wati 6 kwa kilo ya mwili. Kikomo cha kimataifa kwa raia wa kawaida, kwa mwili mzima, ni wati 0.08. Panya walipewa hadi mara 75 ya hapo.

Kwa binadamu, mapitio yaliyoagizwa na Shirika la Afya Duniani na kuchapishwa 2024 yalikusanya tafiti 63. Hayakuona uhusiano kati ya simu na saratani ya ubongo, hata kwa watu waliotumia simu kwa zaidi ya miaka kumi. Kwangu mimi huo ndio ushahidi mzito kuliko mwingine wote uliopo.

Basi mama wa genge amekosea? Hapana. Mwaka 2021 mahakama ya rufaa ya Washington iliiambia mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, FCC, kwamba haikueleza vya kutosha kwa nini inaendelea kung'ang'ania viwango vya mawimbi vya 1996, hasa kwa madhara yasiyo ya saratani. Mahakama haikusema mawimbi yanaua. Ilisema mwenye mamlaka anadaiwa maelezo. Swali la mama ni hilohilo, nasi tunao wa kulijibu: Tume ya Nguvu za Atomiki, yenye makao Arusha, inapima mawimbi ya minara. Kipimo kikishafanyika, kubandika karatasi moja ukutani ni gharama gani?

Kuna jambo jingine ambalo halikusemwa mkutanoni, nami najilaumu kwa kutolisema. Nguvu ya mawimbi hupungua haraka kadiri unavyokaa mbali na chanzo chake, kwa hiyo simu iliyobanwa sikioni hukupa mawimbi mengi kuliko mnara ulio umbali wa mita mia. Na simu inayotafuta mtandao kwa shida hupandisha nguvu zake. Anayeufukuza mnara mtaani anaweza kujikuta simu yake mwenyewe inamwelekezea mawimbi mengi zaidi kichwani. Mwenye wasiwasi aweke spika, au asubiri mtandao ukae sawa ndipo apige. Na watoto wasilale na simu chini ya mto.

Mnara umeshasimama sasa. Kwenye ubao wa ofisi ya serikali ya mtaa kuna ratiba ya gari la taka na tangazo la kitambulisho kilichookotwa. Karatasi ya vipimo bado haijabandikwa, na mama wa genge kila akipita huingia kuangalia.