Kushika ni rahisi, kuachia ndiyo kazi

Familia nyingi za wagonjwa wa kiharusi zikionyeshwa kifaa chenye mota kinachovaliwa mkononi huuliza kama kitaweza kukunja vidole. Swali limegeuka. Baada ya kiharusi, mkono mara nyingi hujikunja wenyewe: kiwiko kinapinda, ngumi inajifunga, gumba linajificha kiganjani. Kukunja kupo, tena kwa kuzidi. Kinachokosekana ni kufungua, na kwa maoni yangu kifaa kinachomshinda mgonjwa hapo hakifai kununuliwa, hata kiwe na nguvu kiasi gani.

Vifaa vya aina ya MyoPro, iliyotokana na utafiti wa chuo cha MIT nchini Marekani, haviusogezi mkono kwa kubahatisha. Sensa zinazogusa ngozi, bila sindano wala upasuaji, hunasa umeme mdogo sana ambao msuli hutoa ubongo unapouamuru ukaze. Umeme huo ukivuka kiwango kilichopangwa, mota huusaidia mkono kwenda unakotaka. Kwa hiyo msuli usiotoa umeme wowote hauna cha kuongezewa.

Kabla ya kupima mkono kwa ajili ya kifaa, bandika sensa kwenye bisepsi (msuli wa mbele wa mkono wa juu, unaokunja kiwiko) na trisepsi (wa nyuma, unaokinyoosha), kisha tazama mchoro kwenye skrini. Mwambie mgonjwa akaze kwa sekunde 3, alegeze kwa sekunde 10, arudie mara 10. Wengi hushangilia mstari unavyopanda. Tazama unavyoshuka. Afadhali mwenye kilima kidogo kinachoporomoka upesi kuliko mwenye kilima kirefu kinachong'ang'ania juu, maana huyo wa pili atashika kikombe na kushindwa kukiweka.

Kosa la kawaida ni kuanza na misuli yote miwili kwa pamoja. Bisepsi na trisepsi zikikaza wakati mmoja, amri zinagongana: kiwiko kinatetemeka au kinagoma, na lawama inaangukia betri. Anza na msuli mmoja, ule ambao mgonjwa anaweza kuulegeza. Akikaza bisepsi kiwiko kipinde, akilegeza kinyooke. Wa pili utaongezwa baadaye.

Kiwango cha umeme kinachoamsha mota nacho kisipangwe akiwa amekaa kitini tu. Akisimama, akitembea, hata akipiga mwayo, misuli hukaza bila idhini yake. Mwayo mmoja unatosha kukibonyeza kikombe cha plastiki mpaka maji yamwagike. Mpime pia akiwa amesimama.

Yanayobaki ni madogo ila yanasumbua. Sensa ikae kwenye tumbo la msuli, yaani sehemu yake nene ya katikati, si kwenye kano. Sentimita 1 tu ya kuhama inaweza kubadilisha kila kitu, basi weka alama ya kalamu kwenye ngozi. Mafuta ya kujipaka na mikanda iliyolegea huharibu usomaji. Bawaba ya kifaa ilingane na kiungo cha kiwiko, la sivyo kifaa kitateleza na kuchubua. Siku ya kwanza kivaliwe dakika 15 hadi 20, kivuliwe, ngozi ikaguliwe. Wekundu usiopotea ndani ya dakika 30 unamaanisha kifaa kirekebishwe kwanza. Mkono wenye ganzi hausemi unaumia, kwa hiyo macho ndiyo yaseme.

Tena kuna bega. Kifaa cha kiwiko na kiganja kinaweza kukaribia kilo 2, na bega lililolegea likashuka halibebi mzigo huo bila maumivu. Kiwiko kilichoganda kwa kano kufupika nacho hakitanyooshwa na mota. Kukakamaa kuliko juu sana kwenye kipimo cha Ashworth, kinachopima ukakamavu wa misuli kuanzia 0 hadi 4, kushughulikiwe kwanza na daktari.

Mazoezi yafanane na maisha: mkono dhaifu ushikilie chupa huku mkono mzima ukifungua kifuniko, kisha uiachie. Rudia mara nyingi, kwa vitu vyepesi na vitupu. Usitarajie muujiza baada ya kukivua. Mara nyingi sehemu kubwa ya uwezo hubaki mezani pamoja na kifaa. Kwa anayetaka kushika chupa yake mwenyewe leo hilo si hasara, lakini aambiwe kabla hajalipa. Na siku ya majaribio, apewe kikombe kitupu na aombwe akiweke chini mara 5 mfululizo.