Alizeti mwitu inamtaka mwenye panga

Jirani yangu ana kesi moja nami, na huifufua kila masika yakiisha. Husimama upande wake wa mpaka, mikono nyuma, akatazama juu. "Mwalimu, haya magugu yako utayang'oa lini?" Anayoyaita magugu ni alizeti mwitu, safu ya hatua arobaini hivi kutoka langoni hadi chooni, imeshapita paa la jikoni na imejaa manjano tupu. Nami jibu langu ni lile lile: "Siku utakapoacha kununua mbolea, mzee." Tunacheka, kila mtu anarudi kwake, na kesi inaahirishwa hadi mwakani.

Kwetu Vihiga hakuna anayejivunia mmea huu. Uko tu, kama mawe. Umezunguka maboma, umeshika kingo za barabara, watoto huvunja matawi yake kuchungia ng'ombe na kina mama huanika nguo juu yake. Kiswahili chenyewe kinautania: kuna ua la kutazama na ua wa kuzungushia boma, nao umejitwalia kazi zote mbili. Majirani zetu Wajaluo huuita maua makech, maua machungu. Anayetaka kujua sababu na alambe jani.

Ukitaja alizeti watu wengi hufikiria ile ya mafuta, ile ya Singida, inayoinamisha kichwa, ikavunwa, ikafa. Hii ni ya ukoo huo lakini si ya nyumba hiyo. Asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati. Ililetwa Afrika iwe pambo la bustani, ikatoroka bustanini siku nyingi. Shina lake hukomaa likawa gumu kama la mti, hufika mita mbili hadi tatu, na ukilikata hurudi na matawi mengi kuliko ulivyolikuta. Wataalamu wa mimea wameipa jina la Tithonia, kutokana na Tithonus wa hadithi za Wagiriki, mume wa mungu wa alfajiri, aliyeombewa asife ila ikasahaulika kumwombea asizeeke. Sijui aliyechagua jina hilo alikuwa na nia gani, lakini kila Januari, jua likiwaka, nikiona mashina yangu yamekakamaa na kupukutika chini huku juu yanakataa kufa, humkumbuka mzee yule.

Uzuri wake wenzetu wameuona. Mae Hong Son, kaskazini mwa Thailand, watu hupanda milima kila Novemba kwenda kuiona tu ikichanua, na Da Lat kule Vietnam ni hivyo hivyo. Sisi tumeiachia soksi.

Mimi lakini siipendei ua. Naipendea jani. Miaka ya tisini watafiti waliokuwa wakifanya kazi magharibi mwa Kenya, pale Maseno na vijiji vya jirani, walilipima jani hili likiwa kavu wakakuta vyakula vikuu vya mimea vimo: naitrojeni asilimia 3.5 hivi, potasiamu asilimia 4.1, na fosforasi asilimia 0.37. Kwa jani linalojiotea kando ya choo, hizo ni mali. Na linaoza upesi ajabu: ukilifukia bichi, baada ya wiki mbili unatafuta lilipo hulioni. Samadi ya ng'ombe haina haraka hiyo.

Sasa hapa ndipo ninapogombana na wanaotuhubiria kilimo hai kwenye semina. Wakishataja zile asilimia huruka moja kwa moja hadi kwenye mahindi, wakatuambia tuache mbolea ya dukani, tukate majani. Waliojaribu mashambani walitumia kama tani 5 za majani makavu kwa hekta. Jani bichi ni maji kwa sehemu nne katika tano. Kwa hiyo tani 5 kavu ni tani 25 mbichi. Chukua robo eka, ambayo kwetu ni shamba la mtu na watoto wake: ni kilo 2,500. Mzigo mmoja wa kichwani, kwa goti langu, ni kilo 25. Safari mia moja! Na kabla ya kubeba kuna kukata, na baada ya kubeba kuna kukatakata na kufukia. Mahubiri hayo nimeyasikia mara nyingi kutoka kwa watu waliokuja kwa gari, na sijamwona hata mmoja akijitwika.

Lakini peleka hesabu hiyo hiyo bustanini. Tuta la sukuma wiki la mita kumi kwa mita moja linataka kilo 25. Mzigo mmoja tu, asubuhi moja, chai ikichemka. Kwa hiyo naiona alizeti mwitu kuwa mmea wa bustani ya jikoni, sukuma, nyanya, managu. Mahindi yatafutiwe lingine. Sukuma huvunwa kila wiki na huuzwa. Jasho lake linarudi.

Nafanya hivi. Nakata kabla maua hayajafunguka, kwa sababu baada ya hapo shina linakuwa kuni. Nakata kwenye usawa wa goti, nachukua majani na vijiti laini, vigumu naviweka kando. Nayakatakata kwa panga juu ya tuta lenyewe, nachanganya na udongo yangali mabichi, naacha wiki moja ndipo nahamishia miche. Yanayobaki natumbukiza guniani, gunia ndani ya pipa la maji, nakoroga kila siku mbili tatu. Wiki mbili baadaye harufu yake inafukuza wageni, lakini ukiizimua hadi ifanane na chai ya rangi nyepesi, ukamwagia chini ya nyanya, nyanya hukushukuru. Msimu mmoja niliongeza na mbolea ya mawe ya Minjingu, inayochimbwa Tanzania karibu na Ziwa Manyara, kwa sababu udongo wetu mwekundu una ubahili wa fosforasi: ukiupa, huikumbatia isitoke, na ile kidogo iliyo kwenye jani haiwezi kushindana nao peke yake.

Vile vijiti vigumu nilivyoweka kando niliwahi kuvitumia kuegemezea maharagwe. Nilivichomeka vibichi. Mvua iliponyesha vikachipuka vyote, na mwezi wa pili nilikuwa na msitu ambao ndani yake, ukitafuta vizuri, kulikuwa na maharagwe. Mke wangu huwasimulia wageni kisa hiki kabla hawajakalia kiti. Siku hizi naanika vijiti juani kwanza, au vinakwenda mekoni.

Kuna jambo jingine ambalo wapenzi wa mmea huu hulipitia mbio. Alizeti mwitu haitengenezi naitrojeni kutoka hewani kama yanavyofanya maharagwe. Inaichota ilipo. Kila mzigo ninaobeba kwenda bustanini nimeuiba kwenye uzio, na uzio nao unachoka. Majivu yote ya nyumbani kwangu, na maganda ya ndizi, huenda pale. Nisipofanya hivyo nitakuwa natoa mfuko wa kulia naweka wa kushoto, halafu najiita tajiri.

Na watu hunywa majani yake, kwa tumbo, kwa malaria. Mimi sinywi. Uchungu peke yake si dawa, na malaria ina zahanati.

Tukirudi kwa jirani yangu, mwaka juzi alishinda kesi. Goti lilinivimba mwezi wa nne nikalala ndani majuma sita, na hakuna aliyeshika panga. Alizeti ikachanua yote, ikakomaa, mbegu zikapeperukia upande wake. Mvua za vuli zilipokuja akakuta miche imejaa kwenye majani yake ya nepia, mamia kwa mamia. Hakupiga kelele. Alikuja akasimama mahali pake pale pale, mikono nyuma, akasema, "Mwalimu, njoo uone watoto wako." Nilikwenda na mkongojo wangu, nikaona, nikanyamaza. Afrika Kusini mmea huu umo kwenye orodha ya mimea vamizi, na sheria inamtaka mwenye ardhi audhibiti. Siku hiyo nilielewa kwa nini.

Tulimaliza wiki nzima tukiing'oa, yeye na jembe, mimi nimekaa kwenye kigoda nikivuta iliyo karibu. Tukapatana: kila baada ya miezi mitatu safu yote inakatwa, mimi au kijana nitakayemlipa, na hakuna ua litakalofikia kukauka upande wake. Mashina mawili ya langoni nimeruhusiwa kuyaacha yachanue kwa ajili ya nyuki wake mwenyewe, maana ana mizinga mitatu na asali hiyo haikatai.

Nimemwambia pia kwamba siku goti likikataa kabisa, asisubiri masika. Aje na jembe, aanzie upande wa chooni.